Feni Iliyokataa Kuachia

Mume wangu mdogo, mjukuu wangu,

Una miguu au umeiuza? Miaka miwili hujatia mguu katika nyumba hii nilimokulea. Wapangaji wa nyuma wamehamia na kuhama, paka amezaa mara nne, wewe huonekani. Hata mume mbaya hupita kuangalia kama mkewe amekufa.

Haya, u mzima? Kile kikohozi kimekuacha? Unalala kwenye godoro au bado juu ya magunia ya bohari? Mimi sijambo kwa kiasi changu. Magoti yamegoma, mikono inatetemeka, lakini mdomo bado mzima, kama unavyosikia. Anayeandika ni fundi cherehani wa nyumba ya pili, maana mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asitie chumvi wala sukari, na atanisomea mara mbili.

Nina habari ya lile lori ulilokuwa ukiendesha. Usiikunje barua. Soma.

Tajiri wako alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu kadiri alivyostahili, na lori likaenda kwa shemeji yake. Jumanne iliyopita dereva mpya alilileta hapa gereji, akaliegesha karibu kabisa na meza yangu ya chai. Lilikuwa linanguruma kama mashine ya kusaga, nikashindwa kusikia wateja wanataka vikombe vingapi. Dereva akasema lori hili linakunywa dizeli kuliko mjomba wake anavyokunywa pombe, na mlimani linapanda kwa kupiga magoti. Watu wakacheka. Mimi nilimwaga chai nje ya kikombe.

Aliyelishughulikia ni yule fundi tunayemwita Kimya kwa sababu haishi kusema. Kesho yake asubuhi akaliwasha likiwa baridi, akawaambia waliokuwepo waangalie: injini bado haijapata joto, mshale wa joto uko chini, kwa nini feni inazunguka kwa nguvu zote? Feni ya lori hili ina klachi, akasema. Injini ikichemka feni inashika, ikipoa inaachia. Hii haiachii kamwe, inapoza kitu ambacho tayari kimepoa, na nguvu yote ya dizeli inaishia kwenye upepo.

Kwanza akashuku sensa ya joto. Akaifungua, akaipima kwenye sufuria yangu ya maji ya moto bila kuniomba ruhusa, akasema nzima. Akafuata nyaya kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho, nzima. Akaja kwenye vali ya hewa, ikalia tik, hewa ikatoka vizuri. Dereva akasema basi klachi imekufa, inunuliwe nyingine. Kimya akamwambia atulie, gari si mke wa kubadilishwa kwa hasira. Akachukua hewa ya kompresa akaipeleka moja kwa moja kwenye klachi, na feni ikaachia pale pale, ikazunguka kwa kidole kama gurudumu la baiskeli. Akaeleza kwamba feni hii hushikwa na springi, na hewa ndiyo huilegeza. Vali inatoa hewa, klachi ikipewa hewa inaitika. Kilichobaki katikati ni mpira mmoja tu, mwembamba kama kidole changu cha mwisho.

Akaupuliza, haupitishi. Akaupasua kwa kisu. Ndani mlikuwa na kijiti kilichochongwa, kimefungwa nailoni, kimekazwa barabara.

Kimya akasema hiki hakikuingia chenyewe. Akasema ni kazi ya dereva wa kwanza, yaani wewe: uliziba mpira ili lori lionekane linakula mafuta, kumbe mafuta unayauza njiani. Akasema sasa imethibitika, marehemu tajiri hakukuonea alipokufukuza. Na wale vijana uliokuwa ukila nao sahani moja wakatikisa kichwa, mmoja akasema mwizi mwenye akili.

Mjukuu wangu, kijiti kile nilikichonga mimi.

Fundi cherehani ameacha kuandika, ananitazama. Nimemwambia aendelee.

Unakumbuka baba yako alivyorudi na lori lake kutoka mlimani. Injini ilichemka, akafungua kifuniko cha rejeta, maji yakampanda usoni. Siku tisa hospitalini nilimlisha mwanangu kwa kijiko, naye haoni mkono unaomlisha. Nilipomzika nilikuwa na wewe tu. Ukaja kuniambia umepata kazi ya lori, unacheka meno yote nje, nami nikakupikia na kukupongeza. Miaka thelathini nauza chai gerejini. Nilishasikia fundi akimwambia dereva kwamba mpira ule ukikosa hewa feni haitapumzika, ila angalau injini haitachemka. Nikaliweka neno hilo moyoni. Mchana mmoja ulipolala baada ya kula, kichwa cha lori kikiwa kimeinamishwa gerejini kwa ajili ya kubadili oili na mafundi wamekwenda kula, nililegeza kibano cha mpira kwa bisibisi, nikasukuma kijiti, nikarudisha kila kitu. Kisha nikakuamsha ukaoge.

Pale pale gerejini niliyasema haya mbele yao wote, birika mkononi. Walicheka. Si kwa ubaya, hilo ndilo linaloniua. Kimya aliniita mama, akasema kila mtu anajua ninavyokupenda, lakini nisijitwishe mzigo wa mtu mzima mwenye ndevu. Nikamwambia anipe bisibisi nimwonyeshe. Akanipa. Bisibisi ikateleza mara tatu juu ya kibano, ya nne ikaanguka chini. Akaniokotea, akanikalisha kwenye kiti changu mwenyewe. Kesho yake nikaenda kwa shemeji wa tajiri. Akanisikiliza, akasema jina lako lilishapelekwa kwa wenye malori wote, na aliyelipeleka yuko kaburini, nani atalirudisha?

Na bado sijamaliza. Siku ile tajiri alipokuja kukuita mwizi wa dizeli uani kwangu, mimi nilikuwa nasugua sufuria, nikajua papo hapo mafuta yanakwenda wapi. Ulinitazama. Ulikuwa unaapa kwa kaburi la baba yako. Nikainamia sufuria. Nilijiambia afadhali ukose kazi, uitwe mwizi, lakini uso wako ubaki mzima. Ningesema siku ile, tajiri yuko hai, ningeaminiwa. Nilikuwa na mdomo na mikono ilikuwa bado inakaza. Sikusema. Sikudanganyi kwamba ningefanya vingine leo. Silali, lakini sijui.

Fundi cherehani anakusalimu. Wa nyumba ya kona wanakusalimu pia, ingawa wengine sasa wanaguna. Kula vizuri, usilale na nguo mbichi.

Ukija, usiniamkie mlangoni. Shikamoo yako iache mfukoni. Ingia, kaa kwenye kigoda mbele yangu, useme yote uliyonayo, hata kwa kupiga kelele majirani wasikie, hasa majirani wasikie. Sitakujibu neno. Ukimaliza, ukiona bado unayo shikamoo, nipe. Usipoiona, chakula kitakuwa kimefunikwa, kula uende.

Ni mimi bibi yako. Dole gumba hapa chini ni langu.