Gari la Baba Yako Limetoa Baridi

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Februari.

Mpendwa mwanangu,

Hujambo baba? Unakula? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku wazima. Baba yako mzima, ni goti tu. Dada yako mzima, mapacha wake nao wazima, wanatubomolea nyumba. Bibi yako hajambo ila macho. Sasa anamimina chai nje ya kikombe.

Mwanangu, gari limetoa baridi! Baridi ya kweli!

Si unakumbuka bibi yako alivyozimia kwa joto garini, tukarudia njiani kabla ya kufika hospitali? Akaapa hapandi tena. Na daktari wa macho amempa siku, tarehe ishirini na moja. Ikipita hiyo, kasema, jicho ndiyo basi.

Gesi ya zamani ya kiyoyozi haiuzwi tena. Fundi akataka kujaza mpya juu kwa juu. Mimi na maneno yako ya barua iliyopita, nikamsimamia kama askari: oili ya zamani itoke kwanza.

"Mama, ufundi umesomea wapi?"

"Jikoni. Mafuta yaliyokaanga samaki siyaongezei mapya juu."

Akafungua. Loh! Oili nyeusi tii. Akasafisha mabomba, akabadili ringi za mpira na kile kichujio cha kunyonya unyevu, akatia oili inayopatana na gesi mpya. Akavuta hewa yote kwa pampu, ndipo akajaza. Akabandika na kikaratasi ndani ya boneti kutaja gesi hiyo, asije fundi mwingine akachanganya.

Jana tukamkalisha bibi yako garini, hapa hapa uani. Dakika tano hazijaisha, anadai shali! Nilipiga vigelegele hadi jirani akauliza nani kaolewa.

Lakini si unamjua. Eti baridi ya uani si ya safarini, na sisi wote waongo. "Mjukuu wangu, mume wangu, ndiye fundi wa majokofu. Aniandikie yeye kwamba haikatiki njiani, nitapanda."

Basi baba, andika karatasi mbili. Moja ya bibi, nitamsomea kwa sauti. Nyingine yangu peke yangu, unieleze ukweli: itafika? Nikague nini kabla ya kuondoka? Roho yangu haitulii.

Nisalimie mkeo. Mungu akufunike popote ulalapo.

Ni mimi mama yako nikupendaye.

Jibu upesi, mwanangu. Barua ikichelewa, bibi yako hapandi.