Mayai Hayakuvunjika

Obunga, Kisumu
Jumamosi jioni

Kwako Mama mkwe ninayekuheshimu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi Ogola, mume wa mwanao Celestine. Natumaini u mzima huko Usenge, goti limepunguza kuuma, na mvua haijakuharibia dagaa wa omena uliowaanika. Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Celestine bado yuko wodini, lakini jana alikaa kitako mwenyewe, akanywa uji, akalalamika kwamba hauna sukari. Daktari alisema mgonjwa akianza kulalamika ni dalili njema. Kizunguzungu hakijamwacha, na sikio la kushoto halisikii. Kama litarudi, daktari mwenyewe hajui.

Utashangaa kupata barua na simu ninayo. Wiki hii nimekupigia mara tatu, na kila ukipokea ulimi unakuwa mzito, naishia kukuuliza habari za mvua. Kwa hiyo nimemwomba Aoko, mchuuzi wetu wa omena, akufikishie hii atakaporudi huko Jumatatu na magunia yake matupu.

Ninaogopa, mama. Unakumbuka nilivyokuwa nikijisifu mbele yako kwamba namfikisha Celestine kwenye cherehani yake pale sokoni Kibuye kwa dakika nane, foleni iwepo isiwepo? Sasa nikisikia honi ya lori nasimama kando kwanza. Nafunga kamba ya helmeti yangu kidevuni, nawasha taa mchana kweupe, na nikikaribia Kondele nazima injini, nashuka, naikokota pikipiki pembeni hadi magari yapungue. Vijana wa bodaboda wananicheka. Mmoja aliniuliza, "Mzee, hiyo ni pikipiki ama ni ng'ombe unapeleka soko?" Niliendelea kuikokota. Hata kama angejua ninachokiogopa, angecheka tu.

Jumatatu ile ya ajali Aoko alitukabidhi mayai uliyotutumia, kumi na manane, pale Kondele, saa moja asubuhi. Akaenda zake. Karatasi ya kuyabebea ilikuwa imelowa, nayo ikapasukia mikononi mwangu. Tukahangaika kidogo, kisha tukaingia barabarani. Magari yalikuwa yamebanana kama kawaida, nami nikapenya kati ya lori la mchanga na ukingo wa barabara. Tuktuk ikachomoza mbele yangu bila ishara. Nikafunga breki na kukata kona kwa pamoja. Mimi sikuanguka. Celestine ndiye aliyerushwa. Nilisikia kichwa chake kikigonga lami, mama, na hata sasa ninapoandika nakisikia. Lori lilisimama hatua moja kutoka miguuni pake.

Hospitalini muuguzi aliuliza helmeti ya mgonjwa ilikuwa wapi. Nikasema aliikataa kwa sababu alikuwa amesukwa juzi yake. Sijui maneno hayo yalitoka wapi, yalitoka tu. Celestine hakumbuki chochote cha asubuhi ile, kwa hiyo alipoambiwa hivyo aliamini. Nywele zenyewe walizinyoa ili wamshone. Nawe ulipompigia ukamgombeza, ukamuuliza kama urembo ni bora kuliko uhai, naye akakuomba msamaha huku analia. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshikia simu kwenye sikio linalosikia.

Mama, hakuikataa. Alikuwa ameivaa tangu nyumbani. Karatasi ilipopasuka nilimwomba aivue, nikatandika kitambaa chake ndani, nikapanga mayai yako humo, nikaiweka juu ya tangi, katikati ya mapaja yangu. Akaninyooshea mkono kuidai. Nikamwambia kwa mzaha kwamba mayai ya mama ni laini, yeye kichwa chake ni kigumu, na Kibuye si mbali. Akacheka, akapanda.

Uliponiuliza kama mayai yalifika salama nikasema ndiyo, hapo sikukudanganya. Halikuvunjika hata moja.

Leo mchana aliniomba nimpelekee mawili ya kuchemsha. Aliyala yote mawili, akasema yana ladha ya nyumbani, kisha akanishika mkono na kunishukuru kwa kuyalinda siku ile. Nilitoka nje kama mtu anayekwenda msalani, nikavuka barabara, nikanunua karatasi hii.

Kesho baada ya ibada nitamwambia yote, kabla Aoko hajakufikia. Namwogopa Celestine kuliko malori. Akitaka kurudi kwako, nitamleta mwenyewe, kwa gari. Nakuomba jambo moja tu, wala si msamaha: mpigie umwambie hakukosa. Ongea kwenye sikio la kulia.

Nisalimie shemeji Adongo na watoto wake, na majirani wote wanaomwombea Celestine. Mayai yaliyobaki ni kumi na sita. Nimeyaacha mlemle kwenye helmeti, siwezi kuyagusa tena.

Ni mimi mkweo,
Ogola