Betri Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 3 Machi
Nimefua. Nguo zimekauka na ule unga wa kijivu wa moshi, kama kawaida. Mume wangu Kirimi amekuwa akipasua betri kuukuu za magari tangu asubuhi nyuma ya jiko. Asidi kaimwaga shambani, madini ya risasi akayeyusha kwenye karai. Binti yetu Kendi analia tumbo. Choo hapati. Nimempa papai.

Alhamisi, 6 Machi
Hataki chakula. Anakula udongo. Amemaliza miaka miwili, na alikuwa ameanza kuongea vizuri. Sasa ananyoosha kidole tu. Kirimi anasema ni minyoo. Sijabishana.

Jumanne, 11 Machi
Hospitali, Meru mjini. Daktari aliuliza baba hufanya kazi gani. Nikamwambia. Akamtoa Kendi damu ipelekwe Nairobi. Alisema mtoto asirudi uani kwetu. Nimerudi naye nyumbani, Kianjai. Nimeogopa kumwambia Kirimi.

Jumatano, 19 Machi
Majibu yametoka. Damu ya Kendi ina risasi nyingi mno. Inaharibu ubongo wa mtoto, na kilichoharibika huenda kisirudi. Dawa ya kwanza ni kumtoa hapa.

Nimemwambia Kirimi pale pale motoni. Akasema amevuta moshi huu miaka yote na yuko sawa.

"Wewe ulishakua, Baba Kendi," nikamwambia. "Huyu bado."

Akaongeza makaa. Namchukia leo.

Alhamisi, 20 Machi
Kibugu, kwa mama yangu. Nimekuja na Kendi tu. Nguo zote nimeziacha. Baridi. Simu nimezima.

Jumapili, 30 Machi
Kirimi amepiga kwa simu ya mama. Amepimwa, naye anayo risasi kwenye damu. Mikono imekuwa ikimtetemeka siku nyingi, alikuwa akinificha. Anasema ameacha kuyeyusha. Atauza betri zikiwa nzima, na asidi yake ndani, kwa kiwanda chenye leseni. Na udongo wa uani? Nilipomwuliza hivyo, akarudia habari ya kiwanda. Nimekataa kurudi. Nimelia baadaye, jikoni.

Jumamosi, 12 Aprili
Amekuja. Alioga na kubadilisha nguo Embu mjini kabla ya kupanda huku. Alisimama mlangoni, hakumgusa mtoto mpaka nilipomwambia akae. Kendi amelala mapajani pake. Sijamsamehe. Mama ameleta chai, tumekunywa. Nje kuna ukungu juu ya shamba la chai.