Jasho la Mtoni

Shoga, leo nimeumbuka. Si unajua wenzangu wa kukimbia wakishaingia msituni mimi huchepuka, nikakaa kwenye gogo langu kando ya mto hadi warudi?

Leo nafika, gogo lina mtu. Kocha. Kocha yule yule anayetangulia mbio huku akitusimanga kwa uvivu, miguu ndani ya maji, anamenya chungwa.

Nikasema nimeteguka mguu. Akasogea nikae, wala hakuuliza mguu upi. Chungwa tukagawana.

Tuliposikia wenzetu wanarudi, nikachota maji nikajipaka usoni kama kawaida yangu, yaonekane jasho.

Akaniangalia kwa huruma. “Mwagia na mgongoni, dada. Juzi ulirudi shati kavu nyuma, nikakuonea aibu.”