Mkono wa Idi

Visiwani, kuvuka Nyamisati
Mwezi wa Shaabani, 2025

Mwanangu Rukaya,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na mumeo Ismaily, na shamba lenu huko Mloka liwe limesimama. Mimi sijambo. Magoti yananisumbua asubuhi, jua likipanda yanasahau.

Simu usinipigie tena. Imeharibika, nikiweka sikioni nasikia kama mtu anakaanga vitumbua. Niandikie. Jirani yetu Saidy anavuka na boti yake mara kwa mara, barua anaifikisha Kibiti kwa kondakta wa gari la Mloka, na ya kwako itarudi kwa njia hiyo hiyo.

Ndani ya bahasha kuna kadi yako ya Idi. Nimeitengeneza mapema kwa sababu Ramadhani ikiingia mwili unakuwa mvivu. Karatasi ni ya boksi la biskuti, nimeomba dukani. Rangi ni magome ya mkandaa wa mikokoni, nimechemsha mpaka maji yakawa mekundu. Ukingoni nimebandika ukindu kwa uji wa muhogo, kwa hiyo usiiweke karibu na panya. Katikati nimechora mkono wangu wa kulia. Mstari umeyumba kwa sababu kalamu nimeishika kwa kushoto, unajua mwenyewe shida yake.

Jana nilicheka peke yangu nikikumbuka ulivyoanzisha mambo haya. Ulikuwa hujaanza hata darasa la kwanza. Watoto wenzako walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuomba mkono wa Idi, wanapewa sarafu na visheti. Wewe ukaja na karatasi na mkaa, ukaniambia niweke mkono hapo uuchukue. Wenzako walikucheka mpaka ukalia. Mimi niliuweka, na tangu siku hiyo haijapita Idi bila kupeana mikono ya karatasi, mpaka hapa karibuni. Mwaka jana hukuleta. Nikasema mafuriko yamekata njia.

Mwaka huu njoo, mwanangu. Kama huwezi, basi nitumie mkono wako, nami asubuhi ya Idi nitaweka wangu juu yake.

Mama yako,
Biasha


Mloka, 24 Machi 2025

Kwa mama,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Ismaily anakusalimu.

Kadi tumeipata. Kuja haitawezekana. Tembo wameingia mashamba ya jirani mara mbili, na Ismaily analala shambani akilinda juu ya dungu. Nikiondoka hakuna wa kumpelekea futari wala wa kushika zamu mchana akilala kidogo.

Kuhusu simu nimekuelewa. Mtu asiyetaka kupigiwa hapigiwi.

Nakutumia kadi. Idi njema.

Mwanao,
Rukaya


Visiwani, kuvuka Nyamisati
Baada ya Idi, 2025

Mwanangu Rukaya,

Assalaam aleikum. Hali zenu? Tembo wameondoka? Ismaily ashuke kwenye hilo dungu alale kitandani, mgongo si wa kuazima. Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Kadi yako nimeipokea. Ina maua mazuri, umeyachora kwa kalamu ya kijani, na maneno ya Idi njema yamenyooka. Nimeifungua, nimeigeuza nyuma, nimeitazama juani nikidhani labda umechora kwa penseli hafifu. Mkono sikuuona. Nikatikisa na bahasha.

Nitakueleza Idi yangu ilivyokuwa, maana sina mwingine wa kumweleza. Nilipika pilau ya sufuria ndogo, ikawa bado ni nyingi. Nilivaa doti yangu mpya nikakaa barazani. Watu walipita, wakatikisa vichwa, nikatikisa changu. Tabu, mke wa Saidy, aliniletea kaimati na akakaa kidogo. Midomo yake ilikwenda sana, nami nikawa nakubali kila kitu. Alipoondoka nilichukua kadi yako yenye maua nikaweka mkono wangu juu. Uliingia kwenye majani tu. Niliona uchungu, Rukaya, sikufichi.

Sasa na mimi niseme la moyoni. Idi ya mwaka juzi, ile ya kwanza baada ya ndoa yako, nilikungoja na mumeo. Nikaja kukuta kapu la mchele na kuku wawili wamefungwa miguu, wametupwa kizingitini. Aliyewaleta hakupiga hata hodi. Mchele ulikuwa mtamu, lakini nilikuwa siungoji mchele. Kama umechoka na mama yako niambie, nisiwe nakata maboksi bure.

Mama yako,
Biasha


Mloka, 2 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Afya tunayo.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umeandika kwamba aliyeleta kapu hakupiga hodi. Mama, aliyeleta kapu ni mimi. Na hodi nilipiga.

Tulishuka kwenye boti asubuhi ile, mimi na Ismaily, kijiji kizima kikiwa uwanjani kwenye sala. Mlango wako ulikuwa wazi. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka, umetupa mgongo, unakata karatasi kwa mkasi. Nikasema, "Hodi, mama." Nikatoa salamu, Assalaam aleikum, nikapiga hodi ya pili. Ukaendelea kukata. Ya tatu alipiga Ismaily, na unaijua sauti yake, inafukuza tembo. Hukugeuka.

Tulisimama pale kama wadai. Ismaily akaniambia kwa upole, "Hodi ni tatu, mke wangu. Mwenye nyumba asipoitika, mtu anarudi." Ndivyo ulivyonifundisha na wewe. Tukaweka kapu, tukarudi kwenye boti ile ile, na njia nzima nililia ndani ya ushungi.

Nilijua hukupenda niolewe huku bara. Ulimwambia hata shangazi kwamba Mloka ni mbali kama ng'ambo. Lakini mama kukataa salamu ya mwanawe, siku ya Idi, mbele ya mumewe, hilo sikulitegemea. Nimeishi nalo miaka miwili. Halafu ukasema nisikupigie simu. Mkono wa kukutumia ningeutoa wapi?

Rukaya


Mloka, 20 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu. Pengine niliandika kwa ukali. Tumevuna mpunga, si haba. Kondakta anasema barua alimpa Saidy mkononi.

Niandikie hata mstari mmoja, hata wa kunigombeza.

Mwanao,
Rukaya


Visiwani, kuvuka Nyamisati
Mwezi wa Rajabu, 2026

Mwanangu, mwanangu Rukaya,

Waaleikum salaam warahmatullah. Hiyo ni ya siku ile. Nimechelewa kuitika, lakini naitika. Na kwa hodi zenu tatu, yako mbili na ya mumeo moja: karibu, karibu, karibuni ndani.

Sikukusikia.

Miezi yote hii nimekuwa naandika neno hilo nalichana. Si kwamba ni gumu kuandika. Nikishaliandika linakuwa kweli, na nilikuwa bado naliogopa.

Simu haijaharibika, mwanangu. Yaliyoharibika ni masikio. Yalianza polepole, kabla hujaolewa. Kwanza nilikosa adhana ya alfajiri, nikamlaumu muadhini kwamba analala. Kisha jogoo wangu akanyamaza, nikamchinja nikidhani anaumwa. Siku ya ndoa yako nilicheka watu walipocheka na nililia walipolia, sikusikia hata neno la shehe. Nilificha kwa sababu nimeona wanavyowafanyia viziwi hapa. Wanawasema mbele yao wakiwa wanawatabasamia. Sikutaka uolewe huku watu wakisema unamkimbia mama kiziwi. Nikajifunza kutazama midomo, na anayekuwa nyuma yangu ninamkosa mzima mzima.

Siku ile nilikaa mgongo mlangoni ili nipate mwanga kwenye karatasi. Nilikuwa nakata kadi yako. Ndiyo uliyoiona ikikatwa, Rukaya, ni ya kwako. Ulikuwa hatua chache nyuma yangu, na mimi nauchora mkono wangu nikupe ukifika. Nilipogeuka kuchukua uji wa muhogo nikaona kapu. Nilitoka nje nikaangalia ufukweni, boti ilikuwa imeshakata kona ya mikoko.

Nalia nikiandika, na karatasi unaiona.

Siku hizi wachache wanajua. Nafunga mlango kwa komeo, maana mwezi uliopita Saidy aliingia akanigusa bega, nikamwaga sufuria nzima ya rangi na yeye suruali yake ikawa nyekundu. Tukakubaliana, mtu akinitaka anapenyeza ukuti chini ya mlango anautikisa. Nikiuona nafungua. Isipite miaka hujui namna ya kumwita mama yako, ndiyo maana nakuandikia hili.

Mwambie Ismaily hakukosea, hodi ni tatu. Aliyekosea sijamjua bado.

Mama yako,
Biasha


Visiwani, kuvuka Nyamisati
Ramadhani, 2026

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Habari za mfungo? Mimi nafunga, nguvu ziko.

Hujajibu. Kila boti ikiingia natoka kumtazama Saidy mikono, nayo iko mitupu. Ananyanyua mabega tangu mbali ili nisichoke kumsubiri.

Labda nimekuambia kwa kuchelewa mno. Ningekuwa mimi, pengine na mimi ningenyamaza. Nyumba hii ilikuwa kimya kwa sababu ya masikio, sasa ukimya wake ni mwingine, huu nausikia. Nimekata kadi moja tu mwaka huu. Haina mkono bado. Nitauchora asubuhi ya Idi yenyewe, nikishavaa, nikae nao mwenyewe kama sina wa kumpelekea.

Mama yako,
Biasha


Mlangoni kwako, nje
Idi Mosi, 2026

Mama,

Shikamoo. Idi njema. Naandika nimechuchumaa kizingitini, karatasi iko juu ya goti, usiangalie mwandiko.

Barua yako ya Rajabu niliipata. Sikujibu kwa sababu kila jibu nililoandika liliniambia nilipeleke mwenyewe. Ya Ramadhani alinipa Saidy leo Nyamisati. Hakuwa amepata mtu wa kuifikisha Kibiti, alikuwa anaizungusha mfukoni. Nimeisoma kwenye boti. Nisamehe kwa ukimya huo, ulikuwa wa kuja.

Shamba tumemwachia shemeji yangu, kama tembo wakila na wale. Ismaily yuko hapa nyuma yangu, ana kapu. Safari hii haliwekwi chini.

Mama, hodi nimepiga. Najua husikii, lakini nimepiga, mdomo ulikataa kupita mlango wako bila hodi. Tatu zimetimia. Ismaily amenitazama, nami nimemwambia leo harudi mtu.

Nimechungulia kwenye ufa wa mbao. Umekaa kwenye mkeka, umevaa doti ya zambarau, umenipa mgongo ule ule. Kalamu iko mkono wa kushoto. Unajichora. Miaka mitatu niliuchukia mgongo huo, na sasa naona umepungua, mabega yamekuwa madogo kama ya mtoto. Nimeshindwa kutazama zaidi.

Upande wa pili wa karatasi hii nimechora mkono wangu wa kulia, sasa hivi, hapa hapa chini. Mstari umeyumba kuliko wako. Rangi sikuwa nayo, wala ukindu.

Ukuti upo, Saidy ametuelekeza. Lakini huo ni wa majirani. Mimi napenyeza mkono. Hii ndiyo hodi yangu ya nne. Ukiuona weka wako juu yake kwanza, kisha vuta komeo taratibu, maana nyuma ya karatasi kuna vidole vyangu chini ya mlango, na sitavitoa.

Mwanao,
Rukaya