Gia Imekwama Nusu Njia

Mama watoto,

Sikuwa na pula, kile chombo cha kuchomolea gia, wala subira, wala mtu wa kuniambia acha. Asubuhi niliimwagia maji ya moto ili itanuke, nikaigonga kwa nyundo. Sasa haitoki wala hairudi. Injini ya gari letu imelala wazi, na kesho ndiyo siku ya kukupeleka kliniki.

Birika nimelikingia oili ya injini, usichemshie chai.

~~Nimekwenda dukani.~~ Nimekwenda gereji kwa mwanao. Pula anayo yeye, na juzi nilimwambia, "Mimi nimesoma shule ya usiku, wewe baki na spana zako." Atacheka mpaka achoke, nami nitasimama pale pale.

Karatasi hii nimeikunja na kuibandika kwa gundi, ili dada yako akiikuta kwanza asijue nimekwenda kuomba.

Baba watoto