Friji la Chanjo la Ruaruke

Ikwiriri, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai mguu umepoa, na sasa unakwenda sokoni bila kushikwa mkono. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mkweo Ridhiwani amezama kwenye biashara yake ya ufuta, anarudi nyumbani na mbegu mpaka masikioni. Mimi naendelea na kazi yangu ya kutengeneza mitambo ya sola.

Ngoja nikupe habari za juzi. Niliitwa kwenye zahanati moja upande wa Ruaruke. Friji lao la chanjo linatumia umeme wa jua, na lilikuwa limeanza kuzima na kuwaka lenyewe. Muuguzi wa pale, Biasha, alinieleza kwa uchungu kwamba chanjo ziliharibika, ikabidi amrudishe mama aliyevuka mto na kichanga mgongoni. Akaniambia, "Warda, sitaki kumwambia mtu mwingine maneno yale." Na kesho yake ilikuwa siku ya kliniki.

Nikapima umeme unaofika kwenye friji kwa mita ya kawaida, ikasoma volti ishirini na nne, safi kabisa. Friji likazima mbele ya macho yangu na mita haikutikisika. Basi nikatoa kile kisanduku kinachochomekwa kwenye kompyuta, kinachochora umeme unavyopanda na kushuka. Mstari ukapaa ukatoka nje ya kioo. Nikapunguza ukuzaji, ukarudi, lakini umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mtikisiko mdogo usingeonekana juu ya volti zote zile. Nikakiambia kisanduku kizuie umeme uliotulia, kipitishe unaotikisika tu. Hapo mawimbi yakaonekana, ila mstari ulikuwa ukijirudisha katikati kila mara, nisijue umeme umeshuka hadi wapi. Mwisho nikauacha uingie wote, nikakiagiza kitoe zile ishirini na nne kwanza, kisha kikuze kinachobaki.

Biasha aliposikia hivyo alicheka. Akasema ndivyo wanavyompima mtoto msumbufu: anapandishwa mizani akiwa amebebwa na mama yake, halafu uzito wa mama unatolewa.

Pale pale tukaliona tatizo. Kila mota ya friji ilipotaka kuanza, mstari ulizama shimoni na kurudi upesi, kabla mita haijapata habari. Nikafuata waya hadi kwenye betri, nikabandua tepu. Kiungo chote kilikuwa kimeliwa na kutu ya kijani. Nikakata, nikafunga kipya, nikapima tena. Mota ikaanza na mstari ukabonyea kidogo tu. Tukakaa tunalisikiliza friji likinguruma, utadhani tunasikiliza taarabu. Kesho yake jioni Biasha alinipigia simu: kliniki ilijaa, na hakuna aliyerudishwa.

Sasa mama, lililonifanya niandike badala ya kupiga simu ni hili, maana simu yako huwa unaiweka sauti kubwa na baraza zima linasikia. Nilipoinuka pale kwenye betri nilishikwa na kizunguzungu, nikakaa chini. Biasha alinitazama, akaniuliza mambo mawili matatu ya kike, kisha akanipa kipimo. Nina mimba, mama. Mara ile tulitangaza mapema, halafu waliotupongeza ndio wale wale waliokuja kutupa pole. Ndiyo maana safari hii tunajua watu wachache tu. Lakini nakwambia kweli, siogopi kama nilivyodhani ningeogopa. Ridhiwani ameanza kunibebea sanduku la vifaa hadi kwenye pikipiki, na akirudi ananiuliza kama nimekula.

Nisalimie kaka Tahiri na shangazi Maulida, mwambie mkeka wake tunaulalia. Mungu akuweke.

Nakuomba uje ukae nami kabla mvua hazijaharibu njia. Wakikuuliza, sema unakuja kunisalimia tu. Najua itakuwia vigumu, mama, lakini jitahidi.

Mwanao,
Warda